Bulimia: ugonjwa unaojificha katika mwili unaoonekana mzima

Mtu anaweza kuwa na uzito wa kawaida, akaenda kazini au chuoni kila siku, akala na kucheka na wenzake mezani, ilhali damu yake imepungukiwa na madini ambayo bila hayo moyo hauwezi kupiga sawasawa. Hiyo ndiyo hatari ya bulimia, ugonjwa wa akili unaohusu ulaji. Mgonjwa hula chakula kingi mno kwa muda mfupi, akiwa ameshindwa kujizuia, kisha kwa hofu ya kunenepa hujaribu kukiondoa mwilini: kwa kujitapisha, kwa dawa za kuharisha, kwa kukaa bila kula, au kwa mazoezi ya kupita kiasi.

Anoreksia, ugonjwa unaofanana nao, humkondesha mgonjwa hadi majirani wakaanza kuulizana. Bulimia mara nyingi haimbadilishi umbo. Ndugu wanaolala naye chumba kimoja wanaweza kukaa miaka bila kujua, na yeye mwenyewe hutumia akili nyingi kuhakikisha hawajui.

Kwa Kiswahili ugonjwa huu hauna hata jina lililozoeleka. Magazeti huandika bulimia tu, na nyumbani dalili zake hupewa majina mengine: ulafi, deko, vidonda vya tumbo, au mimba inayofichwa. Kila jina kati ya hayo humpeleka mgonjwa mahali pasipo tiba yake. Anayeambiwa ni mlafi hupewa mawaidha. Anayedhaniwa ana vidonda vya tumbo hupewa dawa za kupunguza tindikali, akarudi nyumbani na kuendelea kama awali.

Jina lenyewe

Neno bulimia lina asili ya Kigiriki, limeungwa kwa maneno mawili, ng'ombe na njaa. Kwa karne nyingi madaktari wa Ulaya walilitumia kwa njaa yoyote isiyoshibishika. Maana ya leo ni changa mno: ilianza mwaka 1979, wakati Gerald Russell, daktari wa magonjwa ya akili wa hospitali ya Royal Free jijini London, alipochapisha katika jarida la Psychological Medicine makala kuhusu wagonjwa 30 aliowaona.

Russell alikuwa akiwatibu wagonjwa wa anoreksia. Aliona kuwa baadhi ya wanaofika kwake hawakuwa wembamba hata kidogo, lakini walifungwa na hofu ileile. Akataja mambo matatu yaliyowaunganisha: msukumo mkali wa kula usiozuilika, jitihada za kuepuka kunenepa kwa kutapika au kuharisha, na woga wa unene uliopita kiasi cha kawaida. Aliuita ugonjwa huo sura mbaya ya anoreksia, na mbaya hapa ilimaanisha ngumu kutibu. Miaka iliyofuata ilionyesha kwamba juu ya hili la mwisho alikuwa na hofu kuliko ilivyostahili, kwani bulimia leo ina tiba inayofanya kazi.

Jina la Russell limebaki pia katika alama moja ya mwilini. Wanafunzi wa udaktari hufundishwa kuangalia migongo ya vidole vya mkono wa mgonjwa, ambako sugu na makovu madogo yanayotokana na meno huweza kuonekana. Hata hivyo wagonjwa wengi hawana alama hiyo, na kuikosa si ushahidi wa afya.

Chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani kiliuingiza ugonjwa huu katika mwongozo wake mwaka 1980. Katika toleo la mwaka 2013 kilishusha kipimo: kula kwa kupitiliza na kujaribu kukiondoa chakula angalau mara moja kwa wiki, kwa muda wa miezi mitatu, kunatosha daktari kuthibitisha bulimia. Awali ilihitajika mara mbili kwa wiki. Badiliko hilo lina maana kwa familia, kwa sababu huondoa ile hoja ya kwamba "si kila siku, basi si ugonjwa".

Njaa huja kwanza

Jambo ambalo watu huchelewa kulikubali ni kwamba bulimia kwa kawaida haianzi kwa kula sana. Huanza kwa kula kidogo mno.

Mwaka 1944, Vita vya Pili vya Dunia vikielekea ukingoni, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwakusanya vijana wa kiume 36 wenye afya njema. Walikuwa wamekataa kubeba silaha kwa sababu za dhamira, wakajitolea kutumika katika utafiti uliolenga kujua namna ya kuwahudumia watu wa Ulaya waliokuwa wakifa njaa. Kwa wiki 24 walipewa takriban nusu ya chakula walichozoea. Hawakuwa na tatizo lolote la ulaji walipoanza. Katikati ya safari walikuwa wanaota chakula, wanasoma vitabu vya mapishi, wanazungumzia chakula tu. Na waliporuhusiwa kula tena, baadhi yao walikula hadi wakaugua na bado wakasema hawajashiba.

Vijana wale hawakuwa walafi wala hawakukosa malezi. Mwili ulionyimwa chakula ulikuwa unadai haki yake, na unapodai haudai kwa adabu. Msichana anayeamua kuruka chai ya asubuhi na chakula cha mchana ili apungue huingia katika hali hiyohiyo. Jioni njaa humshinda; hula haraka, kwa siri, vyakula vilevile alivyojikataza; kisha hofu na aibu humwingia, hutapika, na kesho huapa kwamba atajinyima zaidi. Kiapo hicho ndicho kinachopanda mbegu ya jioni inayofuata.

Si kila anayejinyima chakula huishia huko. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba urithi una sehemu yake. Kudhihakiwa kwa sababu ya umbo utotoni, kudhalilishwa kimwili au kingono, huzuni ya muda mrefu, pamoja na kazi au michezo inayompima mtu kwa kilo zake, vyote huongeza uwezekano. Ugonjwa huanza zaidi mwishoni mwa ujana na mwanzoni mwa utu uzima. Katika nchi za Ulaya na Marekani Kaskazini, ambako takwimu zimekusanywa kwa muda mrefu, inakadiriwa kwamba mwanamke mmoja hadi wawili kati ya 100 huupata wakati fulani maishani. Wanaume ni wachache zaidi, lakini wapo.

Kinachotendeka ndani ya mwili

Tumbo hutengeneza tindikali kali kwa ajili ya kusaga chakula. Mtu anapotapika mara kwa mara hupoteza tindikali hiyo pamoja na maji na chumvichumvi. Mwili unapohisi umekauka, hutoa homoni iitwayo aldosteroni ili kuziamuru figo zishikilie maji na chumvi zilizobaki. Figo hutii, lakini kwa bei: kila zinaposhika chumvi huachia potasiamu itoke na mkojo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya potasiamu haipotei katika matapishi, bali hupotea msalani baadaye, kimyakimya, na mgonjwa hana habari.

Kiasi cha kawaida cha potasiamu katika damu ni milimoli 3.5 hadi 5 kwa lita. Ikishuka chini ya 2.5 ni hali ya dharura. Moyo huendeshwa na mkondo mdogo wa umeme unaotegemea madini hayo kukaa katika kiwango chake, na yanapopungua mapigo huweza kuvurugika ghafla, hata kwa kijana wa miaka 20. Kabla ya hapo huenda pakawa na dalili: misuli kulegea au kukaza, ganzi, kizunguzungu, moyo kwenda mbio au kuruka pigo. Huenda pia pasiwe na dalili yoyote. Ndiyo maana madaktari husisitiza kipimo cha damu na kipimo cha moyo cha ECG, hata kama mgonjwa ameingia chumbani akitembea kwa miguu yake na anaonekana mzima.

Wapo wanaodhani tatizo hili hutatuliwa kwa kula ndizi nyingi. Ndizi ina potasiamu, ni kweli, lakini maadamu mwili ungali mkavu figo zitaendelea kuimwaga. Daktari hurudisha kwanza maji na chumvi, kisha potasiamu kwa vidonge au kwa dripu inayokwenda polepole chini ya uangalizi.

Mdomo nao hulipa. Tindikali ya tumbo hula sehemu ngumu ya nje ya meno, hasa upande wa ndani wa meno ya mbele ya juu, upande ambao mtu haoni anapojitazama kwenye kioo. Meno huwa membamba, yenye ncha zinazokatika, na maji baridi huyachoma. Mara nyingi daktari wa meno ndiye wa kwanza kugundua, kabla ya mama, mume au rafiki. Ushauri wake kwa mgonjwa ambaye bado hajaweza kuacha kutapika huwashangaza wengi: asipige mswaki papo hapo, kwa kuwa mswaki husugua jino likiwa limelainishwa na tindikali. Asukutue kwa maji, asubiri.

Tezi za mate zilizo chini ya masikio huvimba, na mashavu yakaonekana kama ya mtu mwenye matubwitubwi. Hapa ugonjwa una ukatili wa pekee. Watu humwona mgonjwa, humsifu kwamba "umenenepa, umependeza", naye anayesikia hivyo hurudi nyumbani akiwa amepata sababu mpya ya kutapika.

Umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, hubabuka. Wakati mwingine huchanika kidogo na damu ikaonekana katika matapishi. Kupasuka kabisa ni nadra, lakini kunaua. Maumivu makali ya kifua baada ya kutapika, au damu katika matapishi, ni jambo la kukimbilia hospitali usiku huohuo.

Dawa za kuharisha zinahitaji maneno yake, kwa kuwa zinauzwa kila mahali na mara nyingi kwa jina jingine. Chakula hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba, na dawa hizi hufanya kazi zaidi kwenye utumbo mpana, baada ya kazi hiyo kukamilika. Kilo inayopungua kwenye mizani ni maji, na hurudi mara mtu anapokunywa. Kinachobaki ni utumbo uliozoea kuchochewa na usiotaka tena kufanya kazi bila dawa, pamoja na potasiamu iliyopotea kwa njia nyingine. Sanamaki, ambayo bibi zetu waliitumia kwa kiasi mtoto alipofunga choo, leo imo katika chai nyingi za kupunguza mwili zinazotangazwa kwenye simu. Kwamba ni majani na si vidonge hakuyafanyi yawe salama kunywewa kila siku.

Kwa wanawake hedhi huweza kuruka au kukoma. Ujauzito wakati ugonjwa ungali mkali una hatari zake, na kichefuchefu cha miezi ya mwanzo humpa mgonjwa kisingizio ambacho hakuna atakayekitilia shaka. Mkunga anayejua historia yake anaweza kumsaidia sana. Asiyejua atamwambia avumilie. Wenye kisukari kinachohitaji insulini wamo katika hatari kubwa zaidi, nao wanapaswa kuonwa na daktari bila kusubiri.

Zaidi ya hayo yote kuna uzito wa moyo wenyewe. Huzuni, wasiwasi na mawazo ya kujidhuru huambatana na bulimia mara nyingi. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa watu wenye bulimia hufariki kwa kiwango kinachokaribia mara mbili ya wenzao wa umri uleule.

Kunawiri na kukonda

Je, ni ugonjwa wa Wazungu? Hoja hiyo ilikuwa na mantiki yake. Kwa vizazi vingi, kutoka pwani hadi Maziwa Makuu, mwili uliojaa ulikuwa ishara ya heri. Mke aliyenawiri alikuwa sifa ya mume, na mgeni aliyeambiwa amekonda aliulizwa anaumwa nini. Kisha ukaja Ukimwi, ukaizidishia dhana hiyo nguvu. Madaktari walipoandika mwaka 1985 katika jarida la The Lancet kuhusu maradhi mapya wilayani Rakai, Uganda, walitumia jina ambalo wenyeji walikuwa wameshalipa: Slim, yaani wembamba. Kwa miaka mingi baada ya hapo hakuna aliyetaka kuonekana amepungua.

Lakini thamani ya mwili hubadilika, tena haraka. Ushahidi unaotajwa zaidi ulitoka mbali, kisiwani Fiji katika bahari ya Pasifiki, ambako unene ulisifiwa kama ulivyosifiwa huku kwetu. Televisheni ilipofika katika jimbo la Nadroga mwaka 1995, Anne Becker wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwahoji wasichana 63 wa shule. Hakuna hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue. Miaka mitatu baadaye alihoji wengine 65, wa umri uleule, asilimia 11.3 walisema wanafanya hivyo. Idadi ya waliohojiwa ni ndogo, na televisheni haikuwa jambo pekee lililobadilika katika miaka hiyo, kwa hiyo matokeo hayo hayapaswi kubebeshwa zaidi ya yanachoweza. Yanaonyesha, hata hivyo, kwamba desturi ya kusifu unene si chanjo. Na mwaka 2007 watafiti walichapisha kazi kuhusu wanawake wa Tanzania iliyohusisha matatizo ya ulaji na kuangaliwa kwa vyombo vya habari vya kisasa. Hiyo ilikuwa kabla simu haijaweka kamera na mizani ya wengine katika kila kiganja.

Wasichana wa leo mijini husikia sauti mbili kwa wakati mmoja. Shangazi anataka wale, wanawiri. Picha kwenye simu zinataka wawe na kiuno cha nyigu. Bulimia humpa mtu njia ya uongo ya kuwaridhisha wote wawili: anakula mbele ya shangazi, kisha anakwenda msalani.

Mwezi wa Ramadhani una ugumu wake kwa mgonjwa Mwislamu. Kukaa mchana kutwa bila kula hakumshangazi mtu, na futari iliyojaa meza ni jambo la furaha kwa wote isipokuwa yeye. Mzunguko wa ugonjwa hupata kivuli cha ibada. Anajua pia kwamba kujitapisha kwa makusudi mchana hubatilisha saumu, na hivyo aibu yake huwa maradufu. Ni vyema ikumbukwe kwamba Qurani yenyewe, katika Sura ya Al-Baqara, imemruhusu mgonjwa kuacha kufunga, na ugonjwa wa ulaji ni ugonjwa. Mgonjwa anaweza kulizungumza jambo hili na daktari pamoja na shekhe anayemwamini kabla mwezi haujaandama.

Waliovunja ukimya

Nchini Uingereza ukimya ulivunjwa na mtu aliyekuwa akipigwa picha kuliko wote. Kitabu cha Andrew Morton cha mwaka 1992 kilieleza kwamba Diana, mke wa mrithi wa kiti cha ufalme, alianza kuugua bulimia baada ya uchumba wake mwaka 1981. Mwaka 1995 alilisema jambo hilo kwa kinywa chake katika mahojiano ya televisheni, akiuita ugonjwa wa siri. Baadaye uchunguzi ulibaini kuwa mahojiano hayo yalipatikana kwa hila. Lakini kwa wagonjwa waliosikia, maneno yalikuwa yameshasemwa. Watafiti waliopitia kumbukumbu za madaktari wa Uingereza waliona kwamba wagonjwa wapya wa bulimia walioandikishwa waliongezeka hadi mwaka 1996, kisha wakapungua, wakahisi kwamba huenda ujasiri wa Diana uliwafanya waliokuwa wakijificha wajitokeze.

Mwaka 2008 alijitokeza mtu ambaye hakuna aliyemtarajia. John Prescott, baharia wa zamani aliyepanda hadi kuwa naibu waziri mkuu kuanzia mwaka 1997 hadi 2007, mwanasiasa mwenye mwili mkubwa na ngumi nyepesi, alitangaza kwamba aliugua bulimia kwa miaka. Alisimulia jinsi alivyokwenda kumwona daktari na kukuta chumba cha kusubiria kimejaa wanawake vijana, yeye akiwa mwanamume pekee. Wapo waliomcheka. Kwa wanaume wenye ugonjwa huo, ambao hata madaktari husahau kuwauliza, taarifa yake huenda ilikuwa na uzito kuliko ya binti mfalme.

Tiba

Tiba yenye ushahidi mkubwa zaidi kwa watu wazima ni tiba ya mazungumzo inayolenga mawazo na mwenendo, iliyobuniwa kwa ajili ya bulimia na Christopher Fairburn wa Oxford, aliyechapisha maelezo yake ya kwanza mwaka 1981. Huchukua takriban vikao 20 katika miezi mitano. Jambo la kwanza analoombwa mgonjwa si kuacha kutapika. Anaombwa ale: milo mitatu kwa siku na vitafunio kati yake, bila kukaa zaidi ya saa nne hivi na tumbo tupu, ili njaa inayozaa jioni ile ya siri isipate nafasi. Huandika alichokula na alichokuwa akihisi. Hupimwa uzito mara moja kwa wiki, si kila asubuhi. Baadaye ndipo huja kazi ya kuvunja ile imani kwamba thamani ya mtu imo katika mizani.

Kwa vijana walio chini ya wazazi, familia nzima huingizwa katika tiba. Dawa aina ya fluoxetine, kwa kiwango kinachozidi kile cha kawaida cha kutibu sonona, husaidia baadhi ya wagonjwa kupunguza kula kwa kupitiliza. Inapatikana bila jina la kampuni na kwa bei nafuu, lakini lazima iandikwe na daktari. Dawa nyingine ya sonona, bupropion, haipaswi kupewa mtu mwenye bulimia kwa kuwa huongeza hatari ya degedege. Mgonjwa anayeficha ugonjwa wake kwa daktari anaweza kuandikiwa dawa hiyo kwa nia njema.

Katika nchi za Afrika Mashariki si kawaida kukuta kliniki ya magonjwa ya ulaji peke yake. Hospitali za magonjwa ya akili kama Mathari jijini Nairobi, Mirembe ya Dodoma, Butabika ya Kampala na Ndera ya Kigali, pamoja na idara za akili za hospitali za rufaa, ndizo mahali pa kuanzia. Wengi huogopa majina hayo kwa sababu ya wanavyotajwa waliowahi kuingia humo. Asiyeweza kuanza huko anaweza kuanza kwa daktari wa kawaida na sentensi moja: "Ninakula kupita kiasi, kisha ninajitapisha; naomba nipimwe potasiamu." Kipimo hicho hufanyika katika maabara nyingi za hospitali za wilaya.

Matarajio si mabaya. Watafiti wa Boston, Marekani, waliowafuatilia wanawake kwa miaka 22, waliripoti mwaka 2017 kwamba asilimia 68 ya waliokuwa na bulimia walikuwa wamepona. Kurudi nyuma mara moja au mbili njiani ni jambo la kawaida na hakumaanishi tiba imeshindwa.

Nyumbani

Dalili ambazo familia inaweza kuziona ni pamoja na chakula kutoweka usiku, kwenda msalani kila baada ya mlo na kufungulia maji kwa muda mrefu, karatasi za biskuti zilizofichwa, mashavu kuvimba, na hasira mtu anapoulizwa kuhusu chakula. Moja peke yake haithibitishi kitu. Kumvizia mlangoni au kufunga kabati la jikoni huongeza siri, hakuipunguzi.

Anayefaa kuzungumza ni yule ambaye mgonjwa hamwogopi: dada mkubwa, mama mdogo, bibi. Wakati unaofaa si mezani. "Mdogo wangu, nimeona unakuwa na shida baada ya kula. Sijaja kukulaumu wala sitamwambia mtu. Twende pamoja kwa daktari, mimi nitakaa nje kama ukitaka." Asizungumzie kilo, wala asimsifu kwamba amependeza. Ahadi ya siri ina mpaka mmoja: mgonjwa akizimia, akatapika damu, au akisema hataki kuishi, hapo husemwa na hukimbizwa hospitali.

Jambo moja zaidi familia inapaswa kuambiwa mapema, kwa sababu huwarudisha nyuma wagonjwa wengi. Mtu anapoacha kutapika au kuacha dawa za kuharisha, figo zake bado ziko katika amri ile ya zamani ya kushikilia maji. Miguu huvimba, uso huvimba, na mizani hupanda kwa kilo kadhaa ndani ya siku chache. Mgonjwa huamini kwamba hofu yake imetimia na kwamba daktari alimdanganya. Hayo ni maji, si mafuta, na daktari aliyemtahadharisha kabla anaweza kumwonyesha alama ya kidole inavyobaki shimo kwenye kifundo cha mguu. Kwa kawaida hutoka yenyewe ndani ya wiki chache.